Mtindo wa Siagi: Mhadhara wa Kitaalamu kwa Wakazi wa Nchelenge

Siagi, katika elimu ya skii, ni ufundi wa kuegemea ncha moja ya skii mpaka zipinde, ncha ya pili ikaachana na theluji, kisha mtelezaji akazunguka bila kuruka. Akiegemea mbele hiyo ni siagi ya pua. Akiegemea nyuma, siagi ya mkia. Wanazuoni wa fani hii wilayani Nchelenge, ambao kwa sasa ni mmoja, wameafikiana kwa kauli moja kwamba ufuko wa Ziwa Mweru unafaa kuliko mahali pengine popote.

Ushahidi upo. Zambia hufunga uvuvi kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari ili samaki wazaliane, na miezi hiyohiyo ndiyo theluji ya Alps hunoga. Hakuna Mwaustria aliyepangiwa likizo kwa hekima namna hiyo. Tena mvuvi anayesimama ndani ya mtumbwi akisukuma upondo, huku mwenzake akivuta wavu ubavuni, magoti yake yamekwisha kuhitimu. Kuhusu theluji, ziwa liko mita 900 na ushei juu ya usawa wa bahari, nyuzi 9 hivi kusini mwa Ikweta. Hilo ni suala la kiutawala.

Zoezi huanzia mahali tambarare, mtu akiwa amesimama. Magoti na vifundo hukunjwa, ugoko ukaikandamiza buti kwa mbele mpaka mikia ya skii inyanyuke. Kosa la wengi ni kuvunja kiuno: kichwa husafiri mbele, makalio hubaki nyuma, na uzito haujui umfuate nani. Mkao ukishakaa, macho na mabega hutangulia kugeuka, skii hufuata. Nusu mzunguko humwacha mtelezaji akienda kinyumenyume, ndiyo maana skii za mtindo huu hupinda juu ncha zote mbili na huwa laini. Wakati wa kuzunguka zilazwe bapa. Ukingo wa chuma ukikamata theluji, somo huishia hapo, pamoja na baadhi ya meno. Siagi ya mkia ni hayohayo kwa kinyume, wala haistahili aya.

Upeo wa fani ulionekana Aspen, Marekani, Januari 2013, Msweden Henrik Harlaut alipoanza na siagi ya pua akamaliza nyuzi 1,620, yaani mizunguko minne na nusu. Wakazi wa Nchelenge bado hawajaurudia. Mkenya Philip Boit, kwenye Olimpiki ya Nagano 1998, alimaliza wa mwisho katika mbio za skii za kilomita 10, bingwa Bjørn Dæhlie akimngoja amkumbatie. Wanazuoni waliotajwa wanaona sababu ni moja: hakutumia siagi.

Lesotho kuna kituo cha skii cha Afriski, zaidi ya mita 3,000 juu, lakini msimu wake ni Juni hadi Agosti, nyavu zikiwa majini. Kwa hiyo mafunzo yatafanyika Nchelenge, mchangani, kuanzia tarehe 1 Desemba. Kila mwanafunzi aje na skii zake, na mwenye theluji asiisahau nyumbani.