Sifa za Njia

Jibu limesifiwa vya kutosha. Linakaa mwisho wa ukurasa, limepigiwa mistari miwili kwa rula, na kila mzazi akishika daftari hulitazama lenyewe kwanza. Njia, ile mistari sita inayolitangulia, haina mtetezi. Leo naipigia debe.

Njia haina pupa. Mpe mtoto mwepesi 1,000 toa 647, ataona 353 na kukimbilia mpira. Njia humrudisha kitini. Sifuri toa saba haiwezekani. Kakope kwa jirani. Jirani naye ni sifuri. Anapelekwa kwa jirani wa pili, hohehahe vilevile, hadi msafara unafika kwa moja, mzee wa watu aliyejikalia mwanzoni na elfu yake, anakatwa kwa kalamu na kwisha. Waliopitiwa njiani wanabaki na tisa tisa, wa mwisho anaondoka na kumi. Mkopo huo hauna riba, hauna mdhamini, wala hakuna anayekuja kuudai. Nionyesheni benki yenye utu wa namna hiyo.

Kisha kuna MAGAZIJUTO, fahari ya shule za Tanzania: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Bila yeye, 8 + 2 × 5 ingekuwa 50 badala ya 18. Lakini utukufu wake halisi uko kwenye 10 − 3 + 2. Mwanafunzi mtiifu anaona J imetangulia T, anajumlisha 3 na 2, anatoa, anapata 5. Kosa. Kujumlisha na kutoa vina cheo kimoja, hufanywa kuanzia kushoto, na jibu ni 9. Mtukutu aliyesinzia siku ya kukariri, akahesabu tu kama asomavyo, kapata vema. Sheria inayomwadhibu aliyeishika neno kwa neno si ya kudharauliwa hata kidogo.

Robert Recorde wa Wales alituletea alama ya = mwaka 1557 kwa sababu alichoka kuandika kila mara, kwa maneno, kwamba hiki ni sawa na kile. Alitaka kupunguza maandishi, maskini. Walimu wetu wakaipokea alama hiyo na kutuamuru tuipange moja chini ya nyingine mpaka ukurasa uishe, na ole wake ambaye zake zimekwenda upande.

Tena Njia ni karimu. Ukikosa jibu lakini mistari yako ikawa na mantiki, unapata alama zake. Ni wapi pengine mtu hulipwa kwa kupotea vizuri? Na ni mpelelezi: wawili wa dawati moja wakiandika 7 × 8 = 54 kwenye mstari uleule wa tatu, mwalimu hahitaji shahidi.

Asiyeijali ni mama muuza mchele sokoni. Kilo tatu na nusu, kilo shilingi 2,800. Huku akifunga mfuko anasema, tatu ni elfu nane na mia nne, nusu elfu moja na mia nne, lete elfu tisa na mia nane. Sahihi kabisa. Ila hakuandika "Kwa hiyo", hakupiga mstari chini ya jibu, na kwenye mtihani tungemkata alama mbili.