Sifa za Vumbi la Babanus

Vumbi ndilo zao kuu la ukerezaji wa mpingo. Fimbo, sanamu na filimbi ni mazao ya ziada. Mwenye shaka apige hesabu: gogo la mpingo hukua likijipinda, moyo wake una matundu na pembeni mwake mna nyufa, kiasi kwamba katika viwanda vya Tanzania vinavyokata vipande vya klarineti na oboe, mbao inayofaa haifiki hata sehemu moja ya kumi ya gogo lililoingia. Zinazobaki ni magome, mabaki, maranda na vumbi. Haki ingetaka gogo liitwe gogo la vumbi, na klarineti itajwe kuwa ajali inayotokea mara moja moja.

Mti wenyewe, Dalbergia melanoxylon, huota katika savana kavu kuanzia Senegali hadi Ethiopia na kushuka mpaka Afrika Kusini. Mtanzania huuita mpingo. Mjini Juba, kwa Kiarabu cha huko, ni babanus. Jina hili limetembea sana. Wamisri wa kale waliita mbao hiyo hbny, Wagiriki wakalichukua na kuligawia Ulaya nzima, Waarabu wakawa na abnus na Waswahili wakapata abunusi. Vitu vingi vya abunusi vilivyokutwa katika kaburi la Tutankhamun, lililofunguliwa mwaka 1922, ni mti huuhuu, uliopelekwa kutoka nchi za kusini mwa Misri. Juu ya viti vya wafalme wa Misri vitabu vimejaa. Juu ya pua za mafundi waliovitengeneza, kimya.

Ulaya nayo ina mpingo wake wa kuokoteza. Ni laburnum, mti wa maua ya njano ulio katika jamii moja ya mikunde na mpingo, ambao Wafaransa huuita abunusi ya uongo. Wakerezaji wa Uskoti waliutumia kwa zumari zao za mifuko kabla mbao nyeusi ya Afrika haijawafikia. Laburnum ina sumu kila mahali, hasa mbegu zake; sumu hiyo, saitisini, Ulaya ya Mashariki imeuzwa kwa miongo mingi kama dawa ya kuacha sigara. Hapo vumbi la babanus linauacha mti huo nyuma kabisa: lenyewe humpa kikohozi hata mtu ambaye hajawahi kununua sigara, tena bila malipo.

Vumbi la kawaida la Juba ni jekundu. Barabara nyingi za mji ni za udongo, na wakati wa kiangazi, kuanzia Desemba, kila boda boda huligawa kwa wote. Vumbi la babanus ni jeusi lenye uzambarau kidogo, na lina adabu zaidi. Halimsumbui mpita njia. Humchagua anayelihudumia.

Kulipata si kazi rahisi. Moyo wa babanus ni mzito kuliko maji. Mita moja ya ujazo ina kilo 1,200 hivi, na kipande kikitupwa ndani ya ndoo huzama kama jiwe. Patasi hubutuka upesi, na hapa ndipo hekima ya mti huu inapoonekana: chombo kikali hutoa maranda marefu yanayoanguka sakafuni, lakini kikishabutuka hakikati tena, kinakwangua, na kinachotoka ni unga mwembamba unaoelea. Mwenye kunyima kinoo hupewa vumbi zaidi. Kisha inakuja zamu ya msasa, ambao jina lake ni la mti wenye majani ya kukwaruza yaliyolainisha vinyago kabla ya karatasi za dukani, na unga unaotoka hapo ni laini kiasi cha kupita kwenye kitambaa chochote ambacho fundi amejifunga puani. Kerezo ikizungushwa kwa mota na jenereta ikinguruma nje, hakuna anayesikia chafya.

Vumbi hili lina elimu yake. Ndani ya moyo wa miti ya Dalbergia mna kemikali za jamii ya kwinoni, na mwili wa binadamu ukikutana nazo mara kwa mara hujifunza kuzitambua. Siku za mwanzo hakuna linalotokea, na fundi hujisifu. Baadaye ngozi huanza kuwasha: katikati ya vidole, kwenye kope, shingoni panaposugua ukosi wa shati. Jasho, ambalo Juba ya mwezi Machi haina uchoyo nalo, hulishika vumbi na kulikandika mahali pake. Mwili ukishajifunza hausahau. Wapo mafundi duniani ambao ustadi wao wote wa kukereza umewafikisha mahali pa kutoweza tena kugusa mbao yao, na hata wapuliza ala waliowahi kupata vipele midomoni.

Kwa subira vumbi la mbao halizidiwi. Huko High Wycombe, mji wa Uingereza uliokuwa maarufu kwa viti, daktari wa pua Esme Hadfield aliona katika miaka ya 1960 kwamba saratani adimu ya ndani ya pua ilikuwa ikiwapata watengeneza samani kupita kiasi cha kawaida. Vumbi lao lilikuwa la mialoni na miti mingine migumu, nalo lilikuwa limengoja miaka 40 hivi tangu fundi alipoanza kazi. Mwaka 1995 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliweka vumbi la mbao katika kundi la kwanza la visababishi vya ugonjwa huo. Ni cheo ambacho mbao yenyewe, kwa uzuri wake wote, haijakipata.

Maadui wa vumbi hili wanajulikana na hawana haya: barakoa halisi ya chembe ndogo, si leso, kazi ya nje, upepo ukiwa mgongoni, kumwagia maji panapowezekana, mikono mirefu, kuoga na kubadili nguo kabla ya kumbeba mtoto. Mafundi wengi hawana hata kimoja, kwa kuwa barakoa ni fedha na kikohozi hakidaiwi siku hiyo.

Katika umaliziaji, sifa hugeuka kuwa heshima kamili. Babanus ina mafuta yake na haipendi vanishi. Ikipakwa bila kufutwa kwanza kwa spiriti, vanishi hukaa ikinatanata bila kukauka. Haina haja nayo. Fundi huokota konzi ya maranda kutoka sakafuni, huyabana juu ya kipande kinachozunguka, na joto la msuguano hutoa mng'ao ambao nta kidogo yatosha kuulinda. Kitambaa kikipitishwa juu yake hutoka safi, wakati mbao nyeupe iliyopakwa kiwi ili ijiite babanus huacha kwenye vidole harufu ya viatu.

Na babanus hupasuka. Ikikauka haraka, ufa hutokea kwenye shingo ya fimbo siku moja kabla mnunuzi hajaja. Hapo fundi hurudi chini ya kerezo, hukusanya vumbi lililo jembamba kuliko yote, hulijaza ndani ya ufa, hulidondoshea gundi ya maji na kulisugua kwa msasa likiisha kukauka. Ufa haupo tena. Fimbo hufungwa kwenye gazeti na kupanda ndege, na mpokeaji wake, akiisifu kwa wageni kwamba ni babanus tupu toka juu hadi chini, anasema kweli.