Mwembe wa Susu Ndani ya Kompyuta

Mama alikataa ramani ya karatasi. Mistari tu, alisema; hata zizi la mbuzi lina mistari. Hakukubali tofali liinuliwe katika boma letu hapa karibu na Wote kabla hajaiona nyumba yenyewe, na mabati yake na mapazia yake.

Kazi ikaniangukia mimi, pamoja na laptopu ambayo mjomba alituletea kutoka Kitui, ikavuka mto Athi ndani ya gunia la ndengu. Ni Core 2 Duo ya zamani. Windows ilishaishinda, tukaiwekea Linux Mint, na tangu hapo inaandika barua na kuonyesha sinema bila matata. Kuchora nyumba kwa 3D ni habari nyingine.

Toleo jipya la Blender, programu ya kuchorea 3D, lilikataa kufunguka, likidai OpenGL 3.3, lugha ya kuiagiza chipu ya michoro. Chipu iliyomo kwenye laptopu hiyo, Intel GMA 4500, inaishia 2.1. Basi nikaandika LIBGL_ALWAYS_SOFTWARE=1 mbele ya jina la programu, ili prosesa yenyewe ibebe mzigo wa kuchora. Ikafunguka, kweli, lakini ukisogeza mshale unapata nafasi ya kutafuna na kumeza muthokoi kabla haujafika. Mashine ikachemka hadi Mama akaiondoa juu ya kitambaa alichokifuma mwenyewe.

Nikafungua skrubu za mgongoni. Kati ya feni na vile vibati vyembamba vya kupoza joto, vumbi jekundu la Kitui lilikuwa limeshikamana kama kipande cha blanketi. Nikalitoa kwa mswaki mkuukuu. Joto likashuka, mwendo ukabaki ule ule.

Dawa ikawa kurudi nyuma hadi Blender 2.79, kabla ya 2.80 kutoka Julai 2019 na masharti mapya. Hiyo inaridhika na OpenGL 2.1. Watu hukimbilia kutupa kompyuta kuukuu. Mimi naona mara nyingi ilihitaji tu kutafutiwa programu ya rika lake.

Baba aliuliza bei ya programu. Nilipomwambia ni ya bure, akanitazama kwa jicho la mtu aliyewahi kuuziwa mbegu ambazo hazikuota. Nikamweleza kwamba mwaka 2002 Mholanzi Ton Roosendaal aliwachangisha watu euro 100,000 kwa wiki saba ili Blender iwe ya wote. "Kumbe ni harambee," akasema, akavuta kiti.

Kuta zikasimama, paa likakaa. Kisha Mama akataka kabati lake, na kila kikombe ndani. Kikombe kina mviringo, na kompyuta huujenga mviringo kwa vipande vidogo vingi sana. Rafu mbili za vikombe zikaanza kuikwamisha mashine. Baba akasema vikombe vitolewe. Mama akasema itolewe televisheni. Nikalazimika kusema ukweli: televisheni ni kisanduku chenye pande sita, ukiitoa hupunguzi kitu. Hajanisamehe.

Susu, nyanya yetu, naye akauliza mwembe wake uko wapi. Mti ndio mzigo mkubwa kuliko nyumba nzima, maana kila jani linahesabiwa. Nilipouweka, skrini iliganda. Nikatoka nje na simu, nikaupiga picha mwembe wenyewe, nikafuta mandhari ya nyuma, nikaibandika picha hiyo juu ya bapa moja lililosimama karibu na veranda. Mbuzi alikuwa amefungwa kwenye shina, nikamwacha.

Nikaiachia mashine ichore usiku bila kufungua dirisha la programu, kwa amri ya maandishi, prosesa ifanye kazi yake peke yake. Stima ikapotea, na betri ya laptopu ilikufa zamani. Usiku uliofuata ikamaliza.

Mama akatabasamu kwa picha ile. Susu akataka kuiona nyumba kutoka upande wa jikoni. Nikaizungusha, na mwembe, kwa kuwa ni bapa tu, ukakonda ukawa uzi, kisha ukatoweka.

"Ni nani ameukata?" Susu akauliza, huku akitazama nje kupitia mlangoni kuhakikisha.

Nikaongeza bapa la pili lenye picha ile ile, likikatiza la kwanza katikati, ili mti uonekane kutoka kila upande. Susu akaridhika. Baba akainama karibu na skrini, akatazama chini ya mwembe.

"Huyu mbuzi wa pili ni wa nani?"