Namna ya Kumchunguza Mkwe Mtarajiwa Bila Kupitia Kilabuni

Binti yako amepata mchumba. Kijana wa Liuli, ana mtumbwi wa injini na nyavu zake mwenyewe, na barua ya posa itapanda kuja Mbinga mkishauza kahawa. Umefurahi. Jioni shemeji yako anapita, anavuta kigoda, anashusha sauti: "Yule kijana? Mbona aliwahi kufungwa." Kwa kosa gani? Hajui. Mwaka gani? Zamani kidogo. Mahakama ipi? "Si huko huko ziwani." Anamaliza chai yake anaondoka, na wewe usiku huo hulali.

Mwongozo huu ni wako, na jambo la kwanza unalotakiwa kufanya ni kutokwenda kilabuni. Najua kilabu kiko karibu kuliko mahakama, na najua huko hakuna anayekuuliza namba ya shauri. Lakini kilabu hutoa hukumu kabla kata ya pombe haijazunguka mara mbili, mshtakiwa mwenyewe hayupo, na hukumu yake haina pa kukatiwa rufaa. Nimewaona watu wema wakibeba hukumu za aina hiyo mpaka kaburini, ilhali mahakama ya kweli ilikuwa imewaachia huru na karatasi iko kabatini. Ndiyo maana nalisema jambo hili kwa uzito.

Kabla hujapanda gari, jiulize umesikia nini hasa. Kukamatwa ni jambo moja, kushtakiwa ni la pili, kutiwa hatiani ni la tatu, na kufungwa ni la nne. Shemeji yako ameyachanganya yote kwenye sufuria moja. Mtu yeyote mwenye hasira na nauli ya bodaboda anaweza kufika kituoni akachukua RB, na RB haithibitishi chochote zaidi ya kwamba mtu fulani alilalamika siku fulani. Kulala mahabusu nako si kifungo. Katiba yetu, ibara ya 13(6)(b), inakataza mtu aliyeshtakiwa kwa jinai kutendewa kama mkosaji kabla hajathibitika kuwa ana hatia. Ibara hiyo inamlinda mchumba wa binti yako sebuleni kwako kama inavyomlinda kizimbani.

Sasa njia. "Huko huko ziwani" si anwani. Wilaya ya Nyasa, yenye makao yake Mbamba Bay, ilianza mwaka 2012. Kabla ya hapo Liuli, Lituhi na Mbamba Bay zote zilikuwa wilaya ya Mbinga. Kwa hiyo kama kijana alifikishwa mahakama ya wilaya mwaka 2009, ukiteremka Mbamba Bay utakuwa umekwenda kutazama ziwa tu. Jalada lake lilifunguliwa Mbinga, na huko ndiko pa kuanzia kuulizia. Mteremko wenyewe siku hizi ni lami kutoka milima ya Umatengo hadi ufukweni, na wanaokumbuka masika ya zamani, gari likisukumwa na abiria waliolipa nauli kamili, wataona hakuna kisingizio cha kubaki nyumbani.

Kosa nalo lina ngazi yake. Ugomvi wa kilabuni, matusi, wizi mdogo wa kahawa shambani: anza Mahakama ya Mwanzo ya eneo lilikotokea jambo. Unyang'anyi wa kutumia silaha: Mahakama ya Wilaya. Mauaji: Mahakama Kuu, Songea, hata kama kikao chenyewe kilikaa Mbinga. Na ukiambiwa jalada halipo, usikasirike mapema. Uliza, "Lilikatiwa rufaa?" Rufaa ikikatwa, kumbukumbu za mahakama ya chini huitwa juu, na jalada unalolitafuta Mbinga huenda limekaa kimya Songea miaka yote hiyo.

Dirishani kwa karani wa masijala ndipo wengi wetu tunapokwama, kwa sababu tunafika na jina tu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu."

"Natafuta jalada la kijana mmoja, Komba."

"Komba yupi, baba?"

Ana haki ya kuuliza. Huku kwetu Komba, Ndunguru, Mapunda, Nchimbi, Hyera na Haule wanajaza rejista kuanzia jalada hadi jalada. Ukisema jina la ubatizo ndiyo umezidisha kazi. Wabenediktini walifika Peramiho mwaka 1898 na wakatuachia akina Gallus, Osmund na Meinrad. Ufukweni Waanglikana wakawa na majina yao. Karani mmoja aliandika Osmund, mwingine Osmundi, wa tatu akaandika jina la baba peke yake. Mtu asiye na hatia anaweza kubebeshwa kifungo cha wajina wake kwa njia hii, na hili ndilo kosa baya kuliko yote unayoweza kulifanya katika safari yako. Kwa hiyo nenda na namba ya shauri na mwaka. Kama huna, nenda na jina kamili la mshtakiwa na la mlalamikaji, kijiji, kosa, na mwaka wa kukadiria. Ukipata jalada linalofanana, linganisha umri, kijiji na kazi kabla hujatamka kwamba ni yeye.

Mhusika wa shauri huomba nakala kama haki yake. Wewe si mhusika, ni baba mkwe mtarajiwa. Andika barua fupi kwa Hakimu Mfawidhi, taja shauri, eleza sababu yako kwa ukweli, kisha subiri uamuzi. Ukikubaliwa na ukatakiwa kulipa ada, lipa kwa namba ya malipo ya serikali, benki au kwa simu, na utunze risiti. Mtu akikutaka uweke noti ndani ya barua, namba ya TAKUKURU ni 113 na kuipiga ni bure.

Kama shauri lilifika Mahakama Kuu au Mahakama ya Rufani, unaweza usihitaji dirisha kabisa. Mahakama ya Tanzania huchapisha uamuzi wake kwenye tovuti ya TanzLII, bila malipo, na mtoto wa jirani mwenye simu na bando anaweza kukufungulia. Tafuta kwa namba na kituo cha Songea, usitafute kwa Komba. Mashauri yaliyoishia Mahakama ya Mwanzo kwa sehemu kubwa hutayakuta humo. Hayo bado yanadai miguu yako.

Nakala ikiwa mkononi, isome hadi mwisho. Nasisitiza hadi mwisho kwa sababu kurasa za mbele ndizo zenye mashtaka, na mashtaka daima yanatisha. Yameandikwa na upande unaotaka mtu afungwe. Utetezi uko katikati, na jibu liko nyuma. Kule nyuma angalia maneno yenyewe. Kuachiwa huru baada ya ushahidi kupimwa si sawa na shauri kuondolewa na Mkurugenzi wa Mashtaka, kwani lililoondolewa linaweza kurudi. Aliyetiwa hatiani huenda alishinda rufaa Songea mwaka uliofuata, na jalada la Mbinga peke yake haliwezi kukuambia hivyo. Aliyehukumiwa miaka mitano unaweza kumwona sokoni baada ya miwili kwa sababu Rais, kwa ibara ya 45 ya Katiba, ana mamlaka ya kusamehe. Msamaha huo hutauona kwenye hukumu.

Kuna kizuizi kingine: lugha. Mahakama ya Mwanzo imeendesha na kuandika mashauri yake kwa Kiswahili tangu zamani. Mahakama ya Wilaya, hadi sheria ilipobadilishwa mwaka 2021 kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, iliandika kwa Kiingereza. Shahidi alisema kwa Kiswahili, pengine kwa Kimatengo kupitia mkalimani, hakimu akaandika kwa lugha ambayo mshtakiwa hakuijua. Watu wamefungwa kwa karatasi wasizoweza kuzisoma. Ukikuta nakala ya namna hiyo usikisie maana yake. Mpelekee msaidizi wa kisheria, anayetambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, na huduma yake haina malipo.

Yapo usiyotakiwa kuyapata, na ni vyema usiyapate. Mashauri ya watoto husikilizwa faragha, na ushahidi wa makosa ya kujamiiana vivyo hivyo. Kumbukumbu za jinai zilizoko polisi si kabati la umma. Anayeweza kuziombea hati ya tabia njema ni mwenyewe, kwa alama zake za vidole. Hapo ndipo njia fupi ilipo: mkaribishe kijana, mpe ugali na usipa, mwambie, "Mwanangu, nimesikia neno, nataka nilisikie kwako." Anaweza kukuletea hati hiyo mwenyewe, na namna atakavyokujibu itakupa habari ambazo hazimo kwenye rejista yoyote.

Na ukishajua, nyamaza. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inahesabu taarifa zinazohusu makosa ya mtu kuwa taarifa nyeti. Uliomba nakala ili uamue jambo la nyumbani kwako, usiipige picha ukaituma kwenye kundi la ukoo. Mtu wa pekee unayewajibika kumwonyesha zaidi ya binti yako ni shemeji aliyeanzisha, na umwonyeshe ukurasa wa mwisho, asome kwa sauti, mbele ya wale wale aliowaambia.

Ikitokea kwamba kijana alifungwa na yeye au ndugu zake hawakuwahi kupata nakala, mpe yako aisome. Rufaa kutoka Mahakama ya Mwanzo kwenda ya Wilaya hukatwa ndani ya siku 30, na wengi huku hupitwa na siku hizo kwa kutojua kwamba zinahesabiwa. Aliyechelewa kwa sababu ya msingi anaweza kuomba aongezewe muda, na ombi hilo halisimami bila karatasi.

Kwa hiyo kabla hujaondoka dirishani, hesabu kurasa. Angalia namba ya shauri juu, jina la hakimu na tarehe chini, muhuri, na saini ya kuthibitisha kwamba ni nakala halisi. Ukurasa mmoja ukikosekana, mwambie karani hapo hapo, kabla hajafunga kwenda kula.