Kuingia kwa Saa za Kigali

Ukifanya kazi Rusumo, wilayani Ngara, simu yako ina uraia wa nchi mbili. Ikishika mnara wa nyumbani ni saa mbili asubuhi. Ukisogea dirishani ikashika mnara wa ng'ambo ya Mto Kagera, ni saa moja, maana Rwanda wako nyuma yetu kwa saa nzima. Burundi nao vivyo hivyo, kwa hiyo hata wenzetu wa mpaka wa Kabanga hawakusalimika.

Mgeni ataona hiyo ni kero. Sisi wa uwakala wa forodha, tunaoshinda tukikimbizana na makaratasi ya malori, tunaiona ni dawa ya msongo. Siku mtandao ukigoma, mwenye mzigo anapiga simu kutoka Kigali kila baada ya dakika chache, dereva anagonga meza, na bosi anauliza kwa nini dereva anagonga meza. Hapo kila mtu ana namna yake ya kupumua. Yetu ilikuwa rahisi: tunaingia kazini kwa saa za Kigali, tunatoka kwa saa za Dodoma.

Bosi alipogundua, akageuza kibao. Tuingie kwa saa za Dodoma, tutoke kwa saa za Kigali. Karani wetu, msomaji mkubwa wa sheria zinazomfaa, akasimama na kutukumbusha kwamba Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamwekea mfanyakazi ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki. Bosi akasema sawa, lakini haikutaja ni za mnara upi. Kesho yake akaleta saa ya ukutani, isiyo na laini ya simu. Ilidumu siku chache tu, betri ikakutwa imewekwa kinyume. Aliyeigeuza hajajulikana, na mimi sina la kusema kabla ya kumwona wakili.

Dawa ya pili ni chai ya saa nne. Mama mapishi huja na chapati, maharage na chupa ya chai ya tangawizi, na kanuni yake ni moja: ruhusa kulalamika, marufuku kumpa mwenzako ushauri. Madereva nao hujisogeza. Yupo mmoja mwenyeji wa Biharamulo, ambaye akivuka daraja kuingia Rwanda anahamia kulia mwa barabara, akirudi anahamia kushoto. Anasema nyumbani mkewe hakutani naye koridoni bila wote wawili kukwepa upande mmoja mara tatu.

Huyu alianza kazi akiwa utingo, enzi ambazo magari hayakuthubutu kupita msitu wa Biharamulo bila askari mwenye bunduki ndani, kwa kuogopa majambazi. Anasimulia basi lililokuwa na pambio mbele na kaswida nyuma, kila abiria kwa Mola wake, na konda katikati akidai nauli. Tangu 2019 mapori hayo yamo katika Hifadhi ya Taifa Burigi-Chato, na watalii wanalipa kiingilio. Yeye anadai alishalipa kwa mvi.

Mtu pekee asiyelalamika mezani ni mzee mmoja aliyeendesha lori la maji katika kambi ya wakimbizi ya Benaco mwaka 1994, pale Wanyarwanda zaidi ya laki mbili walipovuka daraja hili ndani ya takribani siku moja. Ukimwambia printa imekwama, anakutazama tu, kisha anakuongezea chapati. Nadhani huyo ndiye angestahili kutufundisha.

Lakini aliletwa mkufunzi. Mada: kukabili msongo wa mawazo kazini. Alikuwa amelala jirani na maporomoko ya Rusumo ili sauti ya maji imtulize, simu yake nayo ikatulia upande wa Rwanda. Semina ya saa tatu akaifikia saa nne, akitabasamu, akatukuta tumeshaanza chai na tumemaliza nusu ya mjadala wa Simba na Yanga. Alipoambiwa saa ngapi, tabasamu likamtoka. Akachomeka projekta, nyaya za ukumbi zikatoa cheche, giza. Hatua chache kutoka hapo mto unazalisha megawati 80 kwa ajili ya nchi tatu, ila waya wa ukumbi ule haukuwa na habari.

Akaamua kufundisha kwa mdomo. Tuvute pumzi ndefu. Tukavuta, nje lori likawashwa, tukakohoa kwa pamoja. Mfanyakazi akizidiwa, akasema, atembee kidogo kwenye tambarare. Mtu mmoja akanyoosha mkono kuuliza kama Ngara aliiona usiku tu. Mkufunzi akafuta jasho, akatafuta karatasi zake, zilikuwa hotelini. Mama mapishi akamwita, "Njoo baba, kaa hapa," akammiminia chai iliyobaki. Akanywa, akatueleza mambo ya kiongozi wake kule mjini kwa nusu saa nzima. Hakuna aliyemshauri. Hiyo ndiyo sehemu ya semina niliyoielewa.

Mwisho zikagawiwa fomu za tathmini. Swali la kwanza: "Ni jambo gani limepunguza msongo wako leo?" Wengi waliandika chai. Swali la pili: "Ni jambo gani bado linakusumbua?" Karani wetu hakufikiri mara mbili. Aliandika: "Posho ya semina inatoka lini, na kwa saa za wapi?"