Ombi la Kuhamia Ndani ya Kompyuta

Kwa Wakuu Wanaoidhinisha Michoro ya Majengo, Thika na Ruiru

Waheshimiwa,

KUH: OMBI LA KUHAMA

Sisi wapangaji wa maghorofa ya Kihunguro, Kimbo na Makongeni, kwa heshima na taadhima, tunaomba ruhusa ya kuhama. Hatuendi mbali. Tunataka kuhamia kwenye modeli ya kidijitali ya jengo letu, ile mliyoletewa na msanifu mkaipigia muhuri.

Sifa zake tumezisikia. Humo mlango si mistari miwili tu: una upana wake, upande unaofungukia, na dakika utakazostahimili moto. Jiko likiwaka ghorofa ya tatu, programu huwateremsha watu wote kwa ngazi mbili, bila kusukumana, ikihesabu sekunde hadi wa mwisho atoke nje. Hata moshi wa humo una adabu.

Huku tunakolipia kodi, mambo ni tofauti kidogo. Ngazi ya pili ipo, hatusemi haipo. Imejaa mabaki ya saruji, godoro la mpangaji aliyehama na baiskeli isiyo na gurudumu la mbele. Mlango wake wa chini una kufuli; ufunguo anao keateka, na keateka wikendi huenda kwao Murang'a. Nje ya mlango huohuo pana duka la gesi, mitungi imepangwa vizuri ajabu. Madirisha yana grili zilizochomelewa, maana mwizi huja mara nyingi kuliko moto. Kasha la mpira wa zimamoto tunawekea fagio.

Mmejitahidi, hatuna budi kusema. Kanuni za ujenzi za 1968 zilitulinda kwa zaidi ya miaka 50, hadi zile za 2024 zilipoanza kutumika Machi 2025. Kufikia sensa ya 2019, Ruiru ilikuwa na watu 490,120, ikiwa imezipita Eldoret na Kisumu, bado inajengwa kwa kanuni za enzi ambazo watu hapa walihesabu mibuni, si ghorofa.

Lakini kuhusu kufuli hatutanii. Machi 2001 bweni la shule ya Kyanguli, Machakos, liliteketea na wanafunzi zaidi ya 60. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa, na madirisha yalikuwa na vyuma. Ni kama kwetu tu, isipokuwa sisi tuna ghorofa juu ya ghorofa.

Katiba ya 2010 iliipa kaunti kazi zote mbili, kupanga majengo na kuzima moto. Mkono mmoja unapiga muhuri, mwingine unashika mpira wa maji. Tunaomba siku moja mikono hiyo iamkiane. Askari wa zimamoto atakayefika kwetu saa nane usiku ataonyeshwa modeli, au atamuuliza bawabu ngazi iko wapi? Uingereza, baada ya moto wa Grenfell kuua watu 72 jijini London mwaka 2017, ilitunga sheria mwaka 2022: taarifa za jengo refu la makazi zihifadhiwe kidijitali na kusahihishwa muda wote watu wanapoishi humo. Hapa modeli ikishapigwa muhuri inastaafu, tena ikiwa bado kijana.

Ikiwa kompyuta yenu imejaa na hamwezi kutupokea, basi tunaomba kidogo zaidi. Njooni na modeli hiyo kwenye tableti, mwaka mmoja baada ya sisi kuhamia, bila kumpigia mwenye ploti simu kwanza. Pandeni ngazi moja, mshuke kwa nyingine. Panapoandikwa mlango nanyi mkakuta kufuli, mwenye ploti asikusanye kodi hadi litolewe. Na modeli hiyohiyo iwekwe kwenye kila gari la zimamoto la Thika na Ruiru.

Njooni Jumamosi, keateka akiwa Murang'a.

Wenu watiifu,
Wapangaji, ghorofa ya sita