Kiinua Mgongo cha Jiwe

Katika nyua za Ngagara, mtaa wa Bujumbura, kuna mawe yenye cheo. Si mafiga, si ya msingi wa ukuta, wala si ya kuzuia mlango usipigwe na upepo wa ziwani. Ni mawe ya pikipiki. Siku stendi ya kati ilipokatika, jiwe liliitwa kushika nafasi yake "kwa siku mbili tatu tu". Miaka imepita, jiwe bado liko kazini, bila mkataba, bila likizo, likisukumwa chini ya injini kila jioni.

Mwongozo huu umeandikwa ili jiwe hilo listaafu kwa heshima na lipewe kiinua mgongo chake. Na kiinua mgongo chenyewe ni stendi, kwa sababu hiyo ndiyo itakayoinua mgongo wa pikipiki.

Kwanza tukubaliane kwamba jambo hili si dogo. Pikipiki husimama saa nyingi kuliko inavyokimbia, na hapa Bujumbura kusimama kumeongezeka. Machi 2022 pikipiki za abiria zilizuiwa kuingia sehemu kubwa ya jiji, na waendeshaji wake, motari, wakabaki kusubiri abiria pembezoni. Kisha kukaja foleni za petroli, ndefu hivi kwamba wengine walivuka mpaka hadi Uvira, Kongo, kutafuta mafuta. Mtu aliyepata lita zake kwa shida hiyo, halafu jiwe likateleza usiku na pikipiki ikalala ubavu, asubuhi anakuta petroli imemwagika mchangani na mkono wa breki umepinda. Hapo hakuna cha kuchekesha. Hiyo ni siku nzima ya chakula cha nyumbani.

Wafaransa huiita stendi béquille, neno lile lile wanalotumia kwa gongo la mtu aliyevunjika mguu. Mimi naona pikipiki haihitaji gongo. Inahitaji miguu yake miwili, na tuirudishie.

Hatua ya kwanza: itazame pikipiki yako tumboni

Boxer na TVS nyingi hutoka kiwandani zikiwa na stendi ya kati. Ukiinama utaona masikio mawili ya chuma chini ya fremu, yenye matundu ya kupitishia bolti ndefu. Masikio yakiwapo, kazi yako ni nyepesi. Yamaha AG100, iliyotengenezwa kwa ajili ya watu wa mashambani, ina stendi za pembeni mbili, kushoto na kulia; hiyo iache ilivyo, ilishafikiriwa. Pikipiki za milimani kama DT huwa na ya pembeni peke yake, na fremu yake haikuandaliwa kubeba ya kati.

Usimruhusu mtu akuchomelee masikio kwa kukisia. Sikio moja likikaa juu kuliko jingine kwa unene wa kidole, pikipiki itasimama imeinamisha bega maisha yake yote. Kama kuchomelea hakuepukiki, mpe kazi fundi anayepima kabla ya kuwasha moto, na waya za betri zitolewe kwanza.

Hatua ya pili: vuka mto Ntahangwa

Nenda Buyenzi, mtaa ambao Kiswahili ndicho lugha ya gereji na ya vipuri. Usiende mikono mitupu. Nilimsikia kijana mmoja akiagiza stendi kwa kuieleza kwa mikono hewani, hivi na hivi.

"Salama, mzee wangu. Nataka stendi, kubwa kidogo."

"Salama, mdogo wangu. Ya zamani iko wapi?"

"Ilidondoka njiani."

"Basi lete pikipiki yenyewe. Stendi hainunuliwi kwa masimulizi."

Mzee yule alisema kweli. Stendi fupi haiinui gurudumu, na ndefu mno itakuvunja kiuno kila unapoegesha. Iliyo sawa huinua gurudumu la nyuma kiasi cha kupitisha vidole viwili chini yake. Nunua pia springi mpya, bushi, washa, na pini ya waya ya kufungia bolti. Fedha hazitoshi? Honi inayolia kama lori la masafa na taa za rangi tatu zinaweza kusubiri mwezi ujao. Abiria hapandi kwa sababu ya taa za rangi, anapanda kwa sababu pikipiki ni nzima.

Hatua ya tatu: mpe jiwe kazi yake ya mwisho

Sasa unataka kufunga stendi kwenye pikipiki isiyo na stendi. Itasimamaje? Hapa ndipo mstaafu wetu anapoagwa kazini.

Tafuta mahali pagumu na tambarare. Nyua za Ngagara ni rafiki kwa kazi hii: mtaa ulijengwa miaka ya 1950 na Office des Cités Africaines, shirika la nyumba la Wabelgiji, na wazee hadi leo huuita Ocaf. Nje ya ua, udongo wa tambarare ya Imbo ukilowa mvua hulainika, na mguu wa stendi huzama. Kaa ndani, juu ya saruji.

Jiwe liweke mbele ya gurudumu la mbele, lisiende popote. Kata utepe wa tyubu kuukuu, ufunge nao mkono wa breki ya mbele ukiwa umebanwa. Chini ya fremu weka kipande imara cha mbao, na mtu mmoja ashike keria nyuma. Mtu huyo asishike simu. Injini iwe imepoa, maana bomba la moshi liko karibu na mkono wako, na chapa yake haifutiki.

Hatua ya nne: bolti, grisi na subira

Safisha matundu ya masikio kwa kitambaa. Paka grisi kwenye bushi na kwenye bolti yote. Watu huiruka grisi kwa sababu haionekani baadaye, na ndiyo sababu stendi nyingi hukwama au hulika matundu mpaka zikakatika. Pitisha bolti, weka washa, kaza nati mpaka stendi icheze juu na chini bila kuyumba kushoto na kulia. Kisha pitisha pini ya waya na uzikunje ncha zake. Bila pini hiyo, mtikisiko wa barabara utailegeza nati kidogo kidogo, na siku moja stendi itaburuta lami ukiwa na mama mjamzito nyuma.

Hatua ya tano: springi

Hapa ndipo wanaume wazima hupoteza heshima. Springi ya stendi ni fupi na ina hasira. Ukiivuta kwa koleo ikachomoka, hukimbilia usoni au kwenye vifundo vya vidole. Kwa hiyo kwanza vaa miwani, hata ile ya jua.

Kuna njia ya akili. Kunja springi upande mmoja, nafasi kati ya duara na duara zifunguke, na katika kila nafasi chomeka washa nyembamba. Ikunje upande wa pili, chomeka nyingine. Ukiiachia, springi inabaki imerefuka, imetulia kama mtoto aliyeshiba. Kunja stendi juu, maana mara nyingi hapo ndipo ndoano mbili zinapokaribiana zaidi, uitundike springi kwa vidole vyako tu. Kisha shusha stendi polepole. Washa zitadondoka moja baada ya nyingine juu ya saruji, ti, ti, ti, na springi itashika kazi. Polepole ndio mwendo, na Warundi husema hivyo hivyo kwa lugha yao: buhoro buhoro ni rwo rugendo.

Kabla ya kuondoka, kunja na kukunjua mara kumi. Hakikisha stendi haigusi cheni wala bomba la moshi, na ikikunjwa inakaa juu yenyewe.

Hatua ya sita: kupandisha

Toa mbao, fungua utepe wa breki, kisha simama kushoto. Mkono wa kushoto kwenye usukani, wa kulia kwenye kishikio cha nyuma. Kanyaga ulimi wa stendi mpaka miguu yake yote miwili iguse chini kwa pamoja. Sasa usivute kwa mikono. Uhamishie uzito wako wote juu ya mguu wa kulia, kama anayepanda ngazi, na pikipiki itapanda yenyewe. Nimemwona binti mwembamba akiipandisha Boxer hivi bila kuhema, huku kakake mwenye kifua amesimama kando akijipuliza viganja.

Na jiwe? Usilitupe. Livingirishe hadi upande wa cheni, ukalie. Ni kimo kile kile kinachofaa: macho yako sasa yako usawa wa gurudumu la nyuma, nalo liko hewani. Injini ikiwa imezimwa, lizungushe kwa mkono na usikilize. Beringi iliyochoka hunguruma. Spoki iliyolegea, ukiigonga kwa spana, haina sauti kama wenzake. Cheni isiyopata oili hulia. Hayo yote yalikuwapo siku zote, ila pikipiki iliyoegemea jiwe haikuwa na namna ya kukuambia.